Gari linamisi asubuhi na maji ya rejeta yanapungua, nibadilishe koili zote?

Mwendo Mdogo (mwanzisha uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Nina gari la mtumba la petroli, silinda nne, limeshatembea zaidi ya kilomita laki mbili. Kila asubuhi nikiwasha linatetema na kumisi (silinda inaruka bila kuwaka) kama dakika moja, taa ya injini inametameta, halafu linatulia na siku nzima linakwenda vizuri. Mashine ya kusoma kodi za hitilafu inaleta P0300 (kumisi kwa silinda mbalimbali) na P0303. Nimeshaweka plagi mpya zote nne na koili mpya (ile inayoipa plagi umeme) ya silinda ya tatu, bado. Geji ya joto haivuki nusu. Maji ya rejeta yanapungua kidogo, ila kwa gari la umri huu naona ni kawaida. Swali langu ni moja: nimalizie koili zilizobaki, au tatizo ni kontroli boksi (kompyuta ya injini)? Naomba msiniambie niliuze, nalihitaji.

Spana Kumi
P0303 inataja silinda ya tatu, na koili ya tatu ndiyo mpya. Sasa hizo tatu nyingine zimekosa nini? Kuna kipimo cha bure: hamisha koili ya tatu uiweke ya kwanza, ya kwanza uilete ya tatu. Kodi ikigeuka P0301, koili ni mbovu hata kama imetoka kwenye boksi jana. Ikibaki P0303, achana na koili kabisa. Angalia nozeli (inayonyunyiza petroli), vali na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda).

Binti Dereva
Langu liliniliza hivyohivyo. Kila fundi alikuja na kifaa chake cha kubadilisha. Mwisho kijana mmoja msaidizi akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye nozeli, mpini sikioni, injini inanguruma. Moja, mbili, tatu zinagonga tik tik tik, ya nne kimya. Ikasafishwa, gari likarudi ujana. Tangu siku ile mimi simwamini fundi asiyesikiliza injini. Mwenzenu anzia kwenye nozeli.

Fundi wa Zamani
Binti Dereva, lako lilikuwa linamisi saa zote au asubuhi tu? Tofauti ni kubwa.

Mwanzisha uzi, mbona umelipitisha suala la maji haraka hivyo? Mfumo wa kupooza injini umefungwa. Gari liwe jipya au kuukuu, maji yakipungua yana mahali yanakokwenda. Nijibu haya: unaongeza kila baada ya muda gani? Chini ya gari kuna tone? Zulia la mbele upande wa hita lina unyevu? Asubuhi moshi ni wa rangi gani? Na je, liliwahi kuchemsha?

Dereva Mstaafu
Vijana wa siku hizi mnanunua rangi na redio. Mtu anazunguka gari, anapiga teke tairi, analipa. Hafungui kifuniko cha oili, hafungui rejeta injini ikiwa baridi, haombi aliwashe mwenyewe asubuhi kabla muuzaji hajalipasha moto. Muuzaji anayekupokea gari likiwa tayari linanguruma ana sababu yake. Gari la mtumba linanunuliwa kwa subira.

Mwendo Mdogo
Mzee wangu, nashukuru, ila nimeshanunua. Fundi, naongeza maji wikiendi, si mengi. Chini pakavu, zulia kavu. Moshi asubuhi ni mweupe ila kuna baridi, magari yote yanatoa. Nimehamisha koili kama Spana Kumi alivyosema, kodi imebaki P0303. Kwa hiyo ni kontroli boksi?

Fundi wa Zamani
Swali la mwisho hujalijibu. Liliwahi kuchemsha?

Spana Kumi
Na mimi nalisubiri hilo.

Mwendo Mdogo
Sawa. Lilichemsha mara moja, kwenye mlima. Mshale ulifika kwenye nyekundu, lakini nilikuwa karibu kufika na mahali penyewe si pa kusimama usiku na familia, yeyote hapa angeendelea. Baadaye fundi wangu akatoa thamostati (vali inayozuia maji yasiende rejeta injini ikiwa baridi) ili maji yazunguke vizuri, akamimina dawa ya kuziba kwenye rejeta. Halijachemsha tena, kwa hiyo ile kazi ilisaidia. Hita ndiyo inatoa ubaridi tu siku hizi. Niseme na hili: kuna injini ya mtumba nimeiona, nimeshaacha amana. Nilitaka tu kujua kama koili za zamani nitazitumia kwenye injini mpya.

Jicho Kali
Hii chai, wakuu. Someni uzi upya. Kwanza geji haivuki nusu. Sasa mshale ulifika nyekundu. Kwanza ni koili, sasa kuna injini yenye amana. Maji yanaisha lakini pakavu. Hita baridi lakini injini haina shida. Ama hana gari, ama anauza injini na kesho mtaona anaweka namba ya simu.

Tairi Kipara
Chai ya rejeta hiyo, ndiyo maana maji yanapungua 😂

Binti Dereva
Hata mimi nimeanza kusita. Mtu mwenye shida ya kweli huanza na kilichomsumbua zaidi.

Mwendo Mdogo
Sina injini ya kumuuzia mtu. Nimesema geji haivuki nusu kwa sababu haivuki. Ile siku ya mlima ilikuwa kabla ya thamostati kutolewa. Kama mnaona natunga, uzi uachwe, nitahangaika mwenyewe.

Fundi wa Zamani
Jicho Kali, nakuelewa, lakini hizo unazoziita kasoro za hadithi ndizo zinazonifanya niamini. Mtunzi angeandika mshale uko juu, moshi umejaa, oili imekuwa maziwa. Huyu ameandika mambo yasiyopatana, na kwenye injini yanapatana.

Sensa ya joto inapima vizuri ikiwa imezama ndani ya maji. Maji yakishuka chini yake inabaki kwenye hewa au mvuke, na mshale unaweza kukuonyesha utulivu wakati hedi (kichwa cha injini, juu ya silinda) inaungua. Ukitoa thamostati, maji yanapita rejeta muda wote, mshale unalala chini, tatizo linajificha. Tena kompyuta inaona injini bado baridi, inazidisha petroli, plagi zinashika masizi. Hita kutoa ubaridi: ama maji yamepungua na hewa imeingia, ama ile dawa imeziba vijia vyake, maana haichagui tundu la kuziba.

Na kumisi asubuhi tu? Ukizima gari likiwa la moto, presha inabaki kwenye mfumo. Kifuniko cha rejeta cha magari mengi hushikilia karibu bar 1, na kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka kama nyuzi 120. Gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya hedi na bloku) ikiwa na upenyo mdogo, presha hiyo inasukuma maji kidogokidogo hadi ndani ya silinda usiku. Asubuhi plagi imelowa, inamisi. Maji yakishaungua na kutoka kama mvuke mweupe, injini inatulia.

Mwendo Mdogo, fungua plagi zote nne uzipange mezani kwa mpangilio wake. Utuambie ya tatu ikoje.

Mwendo Mdogo
Nimefungua. Tatu zina rangi ya kahawia kavu. Ya silinda ya tatu kaure yake ni nyeupe safi, kama imeoshwa kwa brashi, na kwenye nyuzi ina alama ya kijani iliyokauka. Lakini fundi wangu amepima kompresheni, silinda zote zinakaribiana. Kwa hiyo gasketi ni nzima, si ndiyo?

Jicho Kali
Kijani ni kulanti, yale maji ya rejeta ya rangi. Haya, nafuta neno langu. Endelea na fundi.

Fundi wa Zamani
Kompresheni nzuri haiitetei gasketi. Upenyo mdogo unaweza usionekane kwenye geji ya kompresheni, kwa sababu kipimo kinachukua sekunde chache na maji yanapenya usiku kucha. Ukikuta silinda mbili jirani zote ziko chini, hapo gasketi inajitangaza yenyewe. Zikiwa sawa, bado hujui.

Azima pampu ya kupima presha ya rejeta. Injini ikiwa ya baridi kabisa (usifungue kifuniko cha moto hata siku moja, maji yanaruka usoni), jaza maji, pampu hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, usizidishe, uache hadi asubuhi. Asubuhi angalia mshale wa pampu. Kisha toa plagi zote, chomoa soketi za nozeli na koili, kaa pembeni, mtu apige stata.

Na usiliendeshe kwa sasa. Taa ikimetameta petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega ya ekzosti (kichujio cha moshi). Maji yakijaa juu ya pistoni ukapiga stata na plagi zikiwa zimefungwa, koniro (mkono unaoshika pistoni) inapinda. Maji hayabaniki.

Tairi Kipara
Mimi nilitania, lakini hili nimelinakili. Na langu linanyonya maji.

Dereva Mstaafu
Tairi Kipara, fungua uzi wako, usimvuruge mwenzio.

Mwendo Mdogo
Nimepima. Jioni presha ilikuwa imesimama, asubuhi mshale umeshuka zaidi ya nusu, chini hakuna hata tone. Stata ilipopigwa, tundu la tatu lilitema ukungu hadi kwenye boneti, nikauparaza kwa kidole, unateleza na una harufu ya kulanti. Nyingine tatu kavu.

Nakubali ni maji. Lakini kwangu injini nzima bado ina nafuu. Hedi ikishafunguliwa nani anajua kitakachokutwa? Injini inafungwa inaisha. Na amana hairudi.

Spana Kumi
Hata hiyo injini nyingine hujui ilichemsha mara ngapi. Ilitoka kwenye gari la mtu kwa sababu fulani.

Binti Dereva
Mimi naona amana isikuendeshe. Hela ungeipoteza hata kwa koili tatu ambazo hazikuwa na kosa.

Fundi wa Zamani
Sikulazimishi. Ila muuzaji akubali uipime ile injini kabla ya kumalizia hela: kompresheni silinda zote, ndani ya kifuniko cha oili, kutu kwenye njia za maji. Akikataa, umeshajua.

Ukifungua hedi yako, ipelekwe kwa wenye mashine. Waweke rula ya chuma iliyonyooka na filagaji (vibati vya kupima mwanya), wapime kunepa kwake. Kwa injini nyingi za namna hii mwisho ni karibu milimita 0.05, lakini fuata kitabu cha injini yako. Ikizidi inaskimiwa (inachongwa uso uwe sawa), ikiwa kiwango cha kuskimu bado kipo. Ipimwe nyufa kwa presha kabla ya kuskimu, si baada. Uso wa bloku nao upimwe. Boliti za hedi, kama ni zile zinazovutika zikikazwa, ziwe mpya, zikazwe kwa mpangilio na nguvu ya kitabu. Kubadilisha gasketi bila kupima hedi ni kuifungua mara mbili.

Mwendo Mdogo
Nimempigia muuzaji. Kupima kompresheni amekubali, kufungua kifuniko cha vali amekataa. Hedi yangu inafunguliwa, ipimwe kwanza. Injini ile inabaki pale mpaka nipate jibu, sijaifuta.

Fundi wa Zamani
Vizuri. Utakayofunga yoyote, rejeta na hita vioshwe hadi ile dawa itoke yote, na thamostati irudi mahali pake. Ukisahau hayo, hata injini mpya itachemsha. Lete vipimo vya hedi ukivipata, silinda kwa silinda.