Kamera haina mota, lenzi haina mota: wauza kamera wa Dar, mnatuona watu wa kusini mazwazwa?

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, na anayekuja kuniambia "pole, ndio kujifunza" apite kimya kimya tu, nimeshaambiwa hivyo na watu sita.

Nipo Mikindani. Shughuli yangu ni korosho na ufuta kidogo, halafu miaka miwili hii natembeza wageni: majengo ya zamani ya hapa kwetu, fukwe za Msimbati, mara mojamoja Kilwa Kisiwani. Wageni wanataka kuona picha kabla hawajaja, na simu yangu ukiipigia ndege aliye kwenye mkoko ng'ambo ya mkondo anatoka kama doa la chai. Nikajiapiza kwamba malipo ya stakabadhi ghalani yakiingia, nanunua kamera ya maana. Ndege wa mikokoni, nyangumi wanaopita baharini kwetu kuanzia Julai mpaka huko Novemba, na tembo wa upande wa Liwale ambako mjomba wangu analima. Hayo matatu tu.

Nikamwandikia muuzaji mmoja wa Dar, duka silitaji. Ujumbe wangu ninao mpaka leo: "Nataka kamera ya kupigia wanyama na ndege wa mbali, nasafiri kwa basi na bodaboda, bajeti 1,500,000." Kuna kitu hakieleweki hapo? Jibu lilikuja ndani ya dakika mbili: "Ipo kaka, Nikon D3400, megapikseli 24, nakupa na lenzi ya 300, hiyo inavuta mpaka mwezini. 1,350,000 yote." Akanitumia na video, kamera inafokasi chap chap, inalia tii, picha inatoka safi. Nikatuma hela kwa simu. Kesho yake asubuhi mzigo ukashuka na basi.

Sasa sikilizeni nilivyouziwa mbuzi kwenye gunia.

Ile video aliipiga na lenzi ndogo, ya milimita 18-55, ile inayokuja na kamera. Hiyo ni AF-P, ina mota yake ndani, kwa hiyo inafokasi bila shida. Lenzi kubwa aliyonipa ni AF 70-300 aina ya G, ya zamani. Ile haina mota ndani. Inategemea mota iliyo kwenye kamera, kuna kibisibisi kidogo kinachotokeza pale lenzi inapofungwa ndicho kinaizungusha. Na D3400 haina hiyo mota! Kamera ndogo za Nikon ziliachana na mota ya ndani tangu D40 ya mwaka 2006. Familia ya D3000 yote, familia ya D5000 yote, hamna. Ukitaka mota ndani ya kamera unapanda kwenye D90, D7000 na ndugu zake. Wala sio kosa la Nikon, wenyewe wameandika kwenye kitabu cha maelezo. Kitabu ambacho, kwa bahati mbaya ya ajabu, hakikuwemo kwenye boksi langu.

Yaani mtu anayeuza kamera kila siku anachukua vitu viwili ambavyo haviongei, anavitia kwenye boksi moja, anaita "kifurushi cha wanyama". Na hakusahau, wakuu. Angekuwa amesahau angeipigia video hiyo lenzi kubwa.

Mimi nilijua lini? Sio Mikindani. Nilijua Liwale. Nilitoka Mtwara mpaka Masasi, Nachingwea, halafu Liwale, na kutoka hapo bodaboda mpaka kwa mjomba, vumbi mpaka kwenye meno. Jioni ya pili, kama saa kumi na mbili kasoro, tembo watano wakatokea upande wa pori wanaelekea mashambani. Sehemu ile si mbali sana na lile pori la Selous, ambalo kipande chake kikubwa mwaka 2019 kimekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kwa hiyo tembo kwao ni jirani, tena jirani msumbufu. Mjomba anapiga debe, vijana wanapiga kelele, mimi nimelala nyuma ya kichuguu nabonyeza. Kamera kimya. Nabonyeza tena. Kimya. Nikaanza kuzungusha pete ya mbele kwa mkono, tembo ukungu, tembo anaonekana, tembo ukungu. Mjomba akanigeukia: "Sasa wewe hiyo unapiga au unakoroga?"

Nilipiga picha 94. Zinazotazamika ni tatu, na kwenye moja kati ya hizo kilichotoka vizuri ni kichuguu.

Maana hata ukiweza kuzungusha kwa mkono kuna tabu ya pili ambayo naye hakuitaja. Lenzi hiyo haina kitulizo cha mtikisiko. Kwa kamera ya sensa ndogo kama hii (sensa ndiyo inayonasa picha), milimita 300 zinakuwa na mvuto kama wa 450, kwa hiyo kila kitetemeko cha mkono nacho kinavutwa. Unatakiwa upige kwa kasi ya sekunde 1/500 angalau, na hapo ni kwa mnyama aliyetulia. Ndege anayeruka anataka 1/1600 kwenda juu. Na lenzi ikivutwa mpaka mwisho mdomo wake ni f/5.6, unapitisha mwanga kiduchu. Saa kumi na mbili jioni mwanga wenyewe uko wapi? Unapandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, mpaka 6400 na tembo anaota chenga kama uji wa ulezi usiochujwa. Haya mambo muuzaji angeyasema kwa sentensi mbili tu. "Kaka, hii ni ya mchana, jioni utapata tabu." Ningemshukuru.

Lakini kila ukiuliza unajibiwa megapikseli. Megapikseli 24, megapikseli 24, kama vile tunauziana debe la mahindi.

Na ninyi wataalamu wa humu msicheke, zamu yenu imefika. Kabla sijanunua niliuliza watu wanaojiita wapiga picha. Mmoja akaniambia bila fulu fremu, zile kamera za sensa kubwa, na lenzi ya milimita 600 nisijisumbue na wanyama. Kaka yangu, hiyo lenzi ya 600 ya f/4 ni bei ya kiwanja Mangamba na nyumba imeanza kupanda, na ina kilo tatu. Mwingine akasema basi chukua Sigma ya 150-600, hiyo "nyepesi". Karibu kilo mbili bila kamera! Umewahi kukaa na kilo mbili shingoni juu ya bodaboda kutoka Nachingwea? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza unasafiri kwa nini, unapiga saa ngapi, unasimama umbali gani.

Aliyekuja kunifumbua macho ni jamaa mmoja wa Lindi, mwalimu, ambaye hana makuu. Anatumia Panasonic FZ300, kamera ambayo lenzi haitoki, unavuta mpaka sawa na milimita 600 na mdomo unabaki f/2.8 mwanzo mpaka mwisho (namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi). Megapikseli 12 tu. Sensa yake kama ukucha, usiku haifai, na ukichapa picha kubwa ya ukutani itakuumbua. Ila haina lenzi ya kubadilisha, vumbi la Liwale haliingii ndani, manyunyu inavumilia, na inaingia kwenye begi la shule. Amempiga mdiria pale Mikindani mpaka unaona samaki mdomoni. Mimi na milioni yangu na laki tatu na nusu nilikuwa nakoroga.

Mengine nayataja haraka maana yananipandisha presha. "Imetumika kidogo" ilikuwa imeshapiga picha 71,000, wakati daraja hilo shata yake, lile pazia linalofunguka kila ukibonyeza, imepimwa kwa takriban 100,000 (idadi inasomeka ndani ya faili la picha, hakuna cha siri). Memori kadi ya bure iliandikwa GB 128. Ikifika kama nane hivi picha zinaanza kutoka nusu kijivu. Na kioo cha ndani ya lenzi kina utandu mweupe kama buibui kwenye kona moja, ule ukungu wa unyevunyevu. Hilo la mwisho sisi wa pwani tulijue: begi la kamera likifungwa na jasho la bahari linaota kuvu. Mimi sasa naweka kwenye ndoo ya kifuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Sio mchele. Mchele unaacha vumbi, na mchele tunakula.

Nimempigia muuzaji mara kumi na moja. Alipopokea akasema, "Kaka, soma risiti, mali ikishauzwa hairudishwi." Risiti yenyewe ni picha ya karatasi.

NYONGEZA, saa tatu usiku:

Mnaoniuliza kwa nini sikuitumia kwa mkono tu, wazee walipiga hivyo miaka yote: kweli, na kuna nukta ya kijani chini kushoto kwenye kitundu cha kuchungulia inawaka fokasi ikikaa. Nimeifanyia mazoezi, kwa kunguru aliyetua juu ya nguzo inafaa. Nimeipeleka Msimbati kwenye mashua, nyangumi katoa mgongo, kajirusha, kazama, mimi bado naitafuta nukta.

Aliyeuliza kama Canon nako kuna mtego huu: mota, hapana, lenzi zote za EF zina mota ndani tangu 1987. Ila angalia EF-S, zile za sensa ndogo, haziingii kwenye kamera zao za EF za fulu fremu.

Kwenye Nikon tazama herufi. AF-S au AF-P, mota imo. AF peke yake, muulize muuzaji akupigie video na lenzi hiyo hiyo, uione namba ubavuni.

Na wewe uliyesema nimeanzisha uzi wa kuchafua watu, umeona jina la duka hapo juu?

Mwenye D90 au D7000 nzima, Mtwara, Masasi au Lindi, aje PM tubadilishane na hii bodi (kamera bila lenzi), nitaongeza kidogo. Nakuja nayo mkononi na lenzi zote mbili, kubwa tuifunge kwenye yako na ndogo kwenye hii, tupige kuku anayetembea. Kwenye basi sipakii tena kitu.