Nimechaguliwa kwenye safari ya treni ya vijana wa kujitolea, Mwanza hadi Dar. Naombeni ushauri

BintiMwaloni:

Habari za jioni wadau. Naishi Igombe, hapa Ilemela. Nina miaka 23 na nafanya kazi ya dagaa na mama tangu nimalize kidato cha nne. Kikundi chetu cha vijana kiliambiwa kitoe mtu mmoja wa kujiunga na safari ya treni ya vijana wanaojitolea kwa ajili ya tabianchi. Tunapanda hapa Mwanza mwezi wa saba, tunashuka vituo kadhaa, tunaongea na watu na kufanya kazi za mikono, kisha tunaendelea mpaka Dar es Salaam. Siku kumi na mbili. Wenzangu wakanitaja mimi. Sijawahi kupanda treni. Mbali nilikofika ni Geita, mara moja, kupitia daraja jipya la Busisi.

Naomba mnisaidie mizigo: nibebe nini, niache nini. Pia tumeambiwa kila mtu aje na miche 20 ya kupanda njiani, na sijui nitaitunzaje ndani ya behewa.

Ila linaloninyima usingizi ni hili. Kila mmoja atapewa dakika tano za kuongea kituoni, na tumepewa karatasi ya kukariri. Nimeisoma mara nne. Ina hewa ukaa, ina nyuzi joto, ina mikataba. Siipingi hata mstari mmoja, lakini ziwa halimo, na mtu kama mama hayumo.

Mimi haya mambo nayajua kwa njia nyingine. Mwaka jana mwezi wa nane, mwezi ambao mama amezoea kuanika bila wasiwasi, giza, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, lilikuwa zuri na mitumbwi ilirudi imejaa. Tulinunua debe kumi na nane kwa pesa ya mkopo wa kikundi, tukaanika mchangani tangu saa moja asubuhi. Saa sita mvua ikaja kutoka ziwani. Tulizoa kwa mikono, tukafunika kwa maturubai mawili, wapi. Ilirudi siku tatu mfululizo. Dagaa akilowa akiwa amekauka nusu, ile rangi ya fedha inaondoka anakuwa wa njano, tumbo linapasuka, anakunatia vidoleni. Tuliwauza kwa msaga chakula cha kuku kwa robo ya bei tuliyonunulia. Mkopo tumemaliza kuulipa mwezi wa pili mwaka huu. Mama anasema zamani alikuwa anahesabu miezi ya kuanika kwa vidole na haikosei. Siku hizi ameacha kuhesabu.

Nikisimama nikasema hayo, si nitaambiwa mvua moja si ushahidi? Na kingine, safari imeangukia siku za giza, ndizo siku zetu za kazi. Mama atabaki peke yake. Nashindwa hata kujua kama ni haki kwenda.

DadaKirumba:

Pole na hongera mdogo wangu. Mimi nimesafiri sana na reli hiyo kwa biashara, nikuambie ya mizigo haraka haraka.

Ulizia mapema mmekatiwa daraja gani. Daraja la pili la kulala mnakuwa sita chumba kimoja, unajinyoosha. La kukaa ni kiti tu, na kutoka hapa mpaka Dodoma ni safari ndefu, miguu itavimba. Beba blanketi au kikoi kizito. Mwezi wa saba ukivuka Tabora, ukiingia Itigi na Manyoni usiku, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na sisi wa ziwani hatuna mazoea nayo. Kitambulisho cha taifa kikae mwilini, si kwenye begi. Dawa zako. Kufuli dogo. Pesa ndogo ndogo, kwa sababu vyakula unanunua dirishani na treni haisubiri chenji.

Maji beba kidumu chako cha lita tano. Nimeona kwa macho yangu chupa za plastiki zinavyorushwa dirishani kituo baada ya kituo, zimelala kando ya njia kama mavuno. Mkiwa vijana wa mazingira na nyie mkarusha, mtakuwa mmeongea bure.

FundiWaNjia_mstaafu:

Binti yangu, nimesoma ujumbe wako mara mbili.

Nilifanya kazi ya njia miaka 29, muda mrefu gangi yetu, kundi la mafundi wa kutengeneza reli, ikiwa upande wa Kilosa. Reli hii ilifika Kigoma 1914, na tawi la kutoka Tabora kuja kwenu Mwanza likakamilika 1928. Kati ya Kilosa na Gulwe wajenzi waliifuatisha bonde la mto Mkondoa, maana ndiko kwenye mteremko wa kuwezekana kupandia kwenda Dodoma. Mto ule ndio umekuwa ukiidai reli mpaka leo. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliikata vibaya, treni za abiria zikawa haziwezi kupita pale kwa miezi. Nilikuwepo. Tuta lote lilikuwa limeondoka, reli zinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo, na mataruma bado yamefungwa chini yake, yanacheza upepo ukivuma. Tulisimama pale watu wazima tumenyamaza.

Milima ya juu, upande wa Mpwapwa, imevuliwa miti. Mvua kubwa ikipiga kule inashuka na mchanga, mchanga unajaza mto, mto unatafuta pengine pa kupita, na pengine penyewe ndiyo reli. Mvua ina sehemu yake na shoka lina sehemu yake. Useme yote mawili, watu wa pale wanayajua.

Kuhusu ushahidi: usiseme mvua ile ya siku tatu imeletwa na kitu fulani, hapo watakukamata. Sema ulichokiona. Sema mama yako alikuwa anahesabu miezi na sasa ameacha. Kisha waulize wao wameacha kuhesabu nini. Dakika mbili useme, tatu usikilize. Na mkishuka popote penye gangi ya reli, nendeni mkawasalimie. Hao wanaijua mvua kuliko karatasi yenu.

Mkifika Dodoma nadhani mtahamia treni ya umeme, hiyo imeanza kubeba abiria 2024 na inapita kwenye mahandaki pale Kilosa. Chungulia nje kabla ya kuingia handakini, uone bonde.

MwalimuMaswa:

Mwangaluka. Mimi nitasema la miche tu, maana linaniuma.

Msibebe miche. Mwezi wa saba huku Usukumani ni kiangazi, ardhi imepasuka. Miaka michache iliyopita walikuja watu hapa jirani na shule yetu, wakapanda mamia ya miche kwa siku moja, wakapiga picha, wakaondoka. Wanafunzi wangu walibeba maji kwa ndoo wiki tatu, kisima kikapungua, tukaacha. Haukusimama hata mmoja. Watoto walivunjika moyo, na hilo ndilo sijalisahau.

Huku tuna elimu yetu wenyewe. Msukuma tangu zamani alitenga ngitili, kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi. Shinyanga ilikuwa imekwanguliwa, misitu ilifyekwa kupambana na mbung'o na kupisha pamba. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986, kilichorudisha miti sehemu kubwa ni ngitili hizo: unafunga eneo, visiki na mizizi iliyo hai vinachipua vyenyewe. Dodoma nao wanakiita kisiki hai, unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogoa mengine, unaweka alama ya kitambaa. Hakidai ndoo ya maji, kwa sababu mizizi ipo chini tayari.

Waambieni waandaaji wabadilishe miche 20 kwa mkasi wa kupogolea na vitambaa vyekundu. Mkishuka Malampaka au Shinyanga, muombeni mzee mmoja mwenye ngitili awatembeze.

KijanaNyegezi:

Naongezea kwenye ushahidi. Yako changanya na kipimo cha ziwa, hicho hakuna wa kukibishia. Baada ya zile mvua kubwa za mwaka wa Uhuru, 1961, Ziwa Victoria lilipanda mpaka likaweka rekodi 1964. Rekodi hiyo ilivunjwa Mei 2020, na 2024 maji yakapanda tena kupita hapo. Nyumba ya babu yangu ilikuwa hatua arobaini kutoka majini, 2020 tulitoa magodoro usiku.

Na kuhusu mama: kikundi ndicho kilichokutaja. Basi kikundi kipange zamu, wawili kila siku wawepo mchangani na mama mpaka urudi. Kujitolea si kwa yule anayepanda treni peke yake. Ukiona aibu kuwaambia, waonyeshe ujumbe huu.

BintiMwaloni:

Shikamoo mzee wetu wa njia, shikamoo mwalimu. Dada Kirumba asante, blanketi nimeshaazima.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nije na jambo mkononi. Jumapili niliwasomea wenzangu ujumbe wa Kijana wa Nyegezi kama ulivyo. Walinyamaza kidogo, kisha mmoja akachukua kalamu. Zamu zimepangwa, siku zote kumi na mbili, na mama amewakubali ila amesema wanaojua kugeuza dagaa ni watatu tu, wengine atawafundisha kwanza.

Miche nimewapigia waandaaji. Hawakufurahi mwanzoni, walikuwa wameshaagiza. Nikawasimulia habari ya wanafunzi wa mwalimu na ndoo zao. Wamesema miche itagawiwa shule za hapa mjini wakati wa vuli, na sisi tutabeba mikasi. Mwalimu, wanauliza kama Malampaka yupo mwenye ngitili aliye karibu na stesheni, tafadhali nijibu.

Karatasi nimeirudisha mfukoni. Nitabeba ndoo ndogo mbili zenye mifuniko ya kubana, ili nisiwatese wenzangu watano chumbani. Moja ina dagaa waliokauka kwenye kichanja, wa fedha kabisa. Nyingine ina wale wa njano, nilibakiza kisado kimoja tangu mwaka jana, sijui hata kwa nini nilikiweka. Nitawapa watu washike wa huku na wa huku, kisha niulize lile swali la mzee.

Mzee, Kilosa tutalala siku mbili. Hiyo sehemu reli iliponing'inia, tukiitafuta tushukie upande gani?