Majirani Kibokoni: maoni ya mpango wa taka

*Jumatano*

[07:14] Mama Fahmi: Asalaam aleikum majirani. Maoni ya mpango wa kupunguza taka za majumbani yanapokewa mpaka Ijumaa saa kumi. Barua nishaandika, nataka majina.

[07:16] Mama Fahmi: Tunaloomba ni moja. Taka mbichi ziwe na siku yao, kavu siku yao. Sheria ya taka ya 2022 yatwambia tutenganishe nyumbani. Haya, tutenganishe, kisha mkokoteni uje uchanganye?

[09:40] Mama Fahmi: Kikundi kizima hakuna hata wa kuitikia salamu?

[09:52] Swaleh: Waaleikum salaam. Kwangu ni kavu tupu, mke yuko kwao Lamu 😂

[09:53] Rukia wa Juu: Na maboksi ya pizza hapo ngazini?

[09:53] Swaleh: Si ndiyo kavu hayo 😂😂

[09:55] Kassim: Huyo mke atarudi kweli? 😂

[10:08] Mama Fahmi: Jamani. Tangu jaa la Kibarani lifungwe, taka zetu zavuka daraja la Nyali mpaka jaa la Mwakirunge. Jana nimeimwaga ndoo yangu nione: machicha ya nazi, maganda ya ndizi, matumbo ya samaki. Chupa mbili za maji zimeroa mchuzi, na yule kijana wa chupa hivyo hazichukui. Machicha yangeliwa na kuku wa Bi Zuhura. Yakifukiwa jaani yaoza bila hewa, yatoa gesi ya kushika moto.

[11:30] Bi Zuhura: Mama Fahmi mwanangu, nimesoma. Lile rundo lilipoegemea ukuta wangu niliita watu. Waliokuja nawajua. Na pesa za ndoo za mifuniko sijasahau.

[11:34] Kassim: Bi Zuhura, hayo tulishayamaliza.

[11:35] Bi Zuhura: Mliyamaliza nyinyi.

[11:41] Swaleh: Kuku nao watie sahihi 😂

[11:42] Mama Fahmi: Swaleh, tafadhali. Mwisho ni Ijumaa.

[16:48] Mzee Athman: Asalaam aleikum. Nimesomewa yote. Swaleh, acha mzaha. Kassim, Bi Zuhura aonyeshwe hesabu mbele ya watu. Jina langu liandikeni, lakini barua iwataje vijana wa mikokoteni. Siku mbili ni safari mbili. Ujira wa hiyo ya pili nani atautoa? Msiwapangie kazi hawajaulizwa.

[17:20] Kassim: Sawa mzee.

[17:31] Swaleh: Nisamehe mzee.

[17:44] Mama Fahmi: Nimekusikia mzee. Kesho alfajiri nitawangojea pale wanapoegesha mikokoteni, niwaulize wenyewe. Barua naiandika upya. Nani twende naye?

[21:15] Rukia wa Juu: Niandike. Alfajiri siwezi, nina watoto wa shule.

[23:06] Kassim: Hesabu naileta kesho baada ya Isha. Daftari liko Likoni.

[23:07] Bi Zuhura: Likoni tena.

*Alhamisi*

[06:35] Mama Fahmi: Nimeonana na wawili. Wako tayari, ila wataka kila nyumba iongeze kidogo kwa mwezi, na mabuti na glavu. Nimeyatia kwenye barua. Majina bado ni manne. Ami Nassor, umesoma, naona.

[08:20] Ummu Raya: Samahani, nilikuwa zamu ya usiku. Niandike. Nepi za mtoto zaingia ndoo gani?

[08:22] Mama Fahmi: Hilo barua haijasema. Naongeza. Hiyo nyongeza ya kila mwezi je, mwaikubali? Nahitaji jibu leo.