Ushauri wenu wakuu: tunataka kununua chakula kwa pamoja bila mkulima kupunjwa

Mama Neema, Tabata
Habari zenu wakuu. Sisi ni kina mama wa mtaa mmoja hapa Tabata, tuna kikoba chetu. Tumekubaliana tuanze kununua chakula kwa pamoja: viazi, vitunguu, maharage na mchele. Bei nafuu tunaitaka, nani asiyeitaka? Ila mwenzetu mmoja kwao ni Makambako, na alivyotusimulia jinsi ndugu zake wanavyouza viazi kwa lumbesa, tuliishiwa maneno. Mtu analima, anapalilia, anapiga dawa ya ukungu, halafu gunia linaongezewa kilemba na yeye analipwa bei ya gunia moja.

Tuagize moja kwa moja shambani, au tuendelee na masoko ya Tandale na Ilala? Na kuna dada wa genge hapa mtaani, anatukopesha nyanya mwezi ukiwa kwenye kona. Hatutaki kumuua kibiashara. Mwenzetu mwingine anasema tununue vitu vyenye alama ya Fairtrade tu, ile ya biashara ya haki kwa mkulima. Natanguliza shukrani.

Mkulima wa Njombe
Dada, Mungu awabariki kwa kulifikiria hili. Mnunuzi anakuja na magunia yake mwenyewe. Gunia likijaa hafungi. Anasuka kamba mdomoni kama wavu na kupanga viazi juu mpaka kichwa kinasimama. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na hilo linapita hapo bila wasiwasi. Wapagazi nao wanaumia migongo.

Kwa nini tunakubali? Viazi vikishachimbwa havisubiri. Vikipigwa jua vinageuka kijani, na mwenye gari analijua hilo. Kwa hiyo nunueni kwa kilo. Kwenye kilo hakuna kilemba. Mizani inatakiwa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka, angalieni stika.

Jambo jingine wengi hawalijui: bajeti ya 2017/18 ilifuta ushuru wa mazao kwa mzigo usiofika tani 1 unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kikundi kama chenu kinaingia humo vizuri tu.

Kijana wa Tandale
Mama, shikamoo. Naomba nimtetee dalali kidogo. Yeye ndiye anayejua gari gani lina nafasi leo na mzigo upi umeloa. Mchele ukikwama barabarani, hasara anaibeba mwenye mzigo. Wapunjaji wapo, na sisi wa sokoni tunawajua kwa sura. Ukiona bei ya gunia iko chini kuliko soko zima, usifurahi kwanza, uliza lina kilo ngapi na limetoka wapi. Mwenye duka asiyependa maswali hayo, muache.

Huyo dada wa genge mpeni oda yenu. Yeye ana meza, ana muda wa kupima, anajua viazi vinavyoanza kuoza. Mkubaliane apate kiasi fulani kwa kila kilo, na mzigo wake usafiri pamoja na wenu. Mkianza kushusha gunia nyumbani kwa mwenyekiti wa kikoba, mtamfungia genge kabla mwaka haujaisha, na siku mkiishiwa hela hakuna wa kuwakopesha.

Wa Kibosho
Nijibu la Fairtrade maana sisi wa kahawa tunaishi nalo. Ni alama nzuri. Tangu Agosti 2023 bei ya chini kabisa ya arabika iliyooshwa ni dola 1.80 kwa ratili, soko likianguka mnunuzi hawezi kushuka hapo. Juu yake kuna senti 20 za maendeleo ya jamii, ambazo wanachama wa ushirika wenyewe wanaamua zifanye nini. Lakini kahawa hiyo nyingi inapanda meli kwenda Ulaya na Marekani. Viazi vya Njombe na vitunguu vya Mang'ola hamtaviona na alama hiyo sokoni, kwa hiyo mkisema alama tu, mtalala njaa.

Kwenye kahawa, nunueni ya vyama vya ushirika. KNCU ya Moshi ipo tangu 1933. Africafe ya kopo inatengenezwa na Tanica pale Bukoba, na ushirika wa wakulima wa Kagera, KCU, una hisa kwenye kiwanda hicho.

Mama Neema, Tabata
Asanteni sana. Dada wa genge nimeshaongea naye, amekubali, mizani anayo. Tunaanza na viazi. Mkulima wa Njombe, nicheki inbox unipe bei ya kilo, na uniambie ukweli inayokulipa, siyo ya kunipendeza.

Mkulima wa Njombe
Nimekutumia dada. Ombi moja tu: mkilipa kwa simu, tumeni na ya kutolea. Tukikatwa sisi, kwenye gunia chache inauma.