Pleti ya kushoto njano, ya kulia bluu: gesi imechakachuliwa?

MamaVitumbua
Wakuu, habari za jioni. Nauza chai na vitumbua, natumia jiko la gesi la pleti mbili, mwaka wa tatu halijanisumbua. Tangu wiki iliyopita pleti ya kushoto inatoa moto wa njano, mrefu, unachezacheza kama wa kibatari. Sufuria ya chai imekuwa nyeusi tii, ukiishika inachafua kanga. Ya kulia bado bluu. Jirani anasema gesi imechakachuliwa, nirudishe mtungi. Sitaki kugombana na kijana wa dukani bure. Halafu juzi mvua iliponyesha nikafunga dirisha, kichwa kikaniuma mpaka nikatoka nje. Shida ni nini?

FundiMajiko
Dada, muache kijana wa watu. Mtungi mmoja, mpira mmoja. Gesi ingekuwa mbovu zingeugua pleti zote mbili. Kinachokosekana ni hewa. Gesi ikitoka kwenye nozeli, kile kitundu chembamba cha kutolea gesi, kwa kasi huvuta hewa kupitia tundu lililo mwanzoni mwa bomba la pleti, zinachanganyika humo ndani kabla ya kufika juu. Tundu likiziba, gesi inafika kwenye moto peke yake, inabaki kuokoteza hewa pembeni, nayo haitoshi.

Funga mtungi, jiko lipoe, ligeuze, toa bomba la kushoto ulichungulie kwenye mwanga. Mara nyingi ni buibui. Pitisha brashi ya kuoshea chupa. Nozeli usiichokonoe kwa sindano, ukiipanua gesi itazidi na utarudi hapa hapa. Kile kibati cha kuzungusha kwenye tundu, fungua kidogo kidogo. Ukizidisha, moto unaachana na matundu, unavuma, unazimika.

Mwl_Kemia
Fundi kamaliza. Mimi naongeza hesabu, maana hata wanafunzi wangu hawaamini moto unavyokula hewa. Gesi ya kupikia ni propani na butani. Molekuli 1 ya propani inataka 5 za oksijeni ili yote iishie kuwa kaboni dioksidi na mvuke wa maji. Hewa ina oksijeni asilimia 21 tu, kwa hiyo lita 1 ya propani inadai hewa lita 24 hivi; butani, kama 31. Ikipungua, kaboni inakwama njiani: nyingine inakuwa kaboni monoksidi, nyingine masizi. Hiyo njano unayoiona ni chembe za masizi zimepata joto mpaka zinang'aa. Waliokulia kwenye taa ya chemli wanajua, ukitoa kioo tu inaanza kufuka.

Ila mama, kilichonishtua ni kichwa. Kaboni monoksidi haina harufu, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dirisha liwe wazi, mvua iingie.

Kijana_wa_Mabibo
Mimi nilihangaika na fundi siku mbili, kumbe maji ya ugali yenye chumvi yalimwagikia pleti. Chumvi nayo inageuza moto njano. Nikasugua, yakaisha.

MamaVitumbua
Fundi, wewe ni mchawi! Nimetoa bomba, ndani kuna utando mweupe kama pamba, umefungwa fundo, na mwenyewe yumo, mdogo kuliko punje ya mchele. Moto sasa bluu, mfupi, na chai inachemka upesi kuliko mwezi mzima uliopita. Dirisha nimeliwekea gogo lisijifunge. Sasa nani anajua dawa ya masizi ya sufuria? Stilwaya mbili zimeshaisha.