Nimeitwa kurudi ofisini baada ya miaka mitano, nifanyeje?

Wakuu, habari za jioni. Mimi mhasibu, kampuni yetu iko Posta, Dar. Korona ilipoingia Machi 2020 tuliambiwa tubebe kompyuta twende nazo nyumbani, tutaitwa. Hatukuitwa. Mwaka uliofuata kampuni ikarudisha ghorofa moja kwa mwenye jengo, viti wakatuuzia sisi wenyewe. Hiki ninachokalia ni chao. Leo bosi mpya katuma barua pepe: kuanzia tarehe mosi, siku nne kwa wiki, saa mbili kamili uwe mezani. Kazi yangu haijawahi kulala hata siku moja. Naombeni ushauri, usingizi sipati.

Mzee wa Kimara: Sisi wa samaki pale Feri hakuna aliyetuambia tukauzie nyumbani. Oga, panda mwendokasi, nenda kazini.

CherehaniMoja: Afadhali wewe umeitwa. Mimi nilikuwa nashona sare za shule. Shule zilipofungwa nikahamia kwenye barakoa, nikakata mpaka kitenge cha mama mkwe. Zinafunguliwa Juni 29, wateja wangu wakubwa wana fundi mwingine. Barakoa ninazo gunia zima mpaka leo, anayetaka aje PM.

Dada Hesabu: Mtoa mada, kuna kitu unakiruka. Kutoka kwako hadi Posta ni umbali gani?

Mtoa mada: Sio mbali kihivyo. Nipo Kihonda.

Dada Hesabu: Kihonda ya MOROGORO?

Mtoa mada: Ndiyo. Nilihama 2021, kodi ya Tabata ilikuwa inanimaliza. Ofisini wanajua bado niko Tabata. Posho ya nauli inaingia kila mwezi, sikuiomba. Kilichoniponza ni jogoo. Aliwika katikati ya kikao cha Zoom, bosi akauliza, "Tabata siku hizi mnafuga?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mtumishi: Nauli ya safari usiyosafiri ni wizi, ndugu yangu. Rudisha, utalala.

Mtoa mada: Umeme na bando nalipa mwenyewe, mbona hilo hulisemi?

Wakili wa Kijiweni: Tuanze na sheria, dhambi baadaye. Usikae kimya. Ukikosa kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa, umewapa sababu ya kukufukuza. Wakikuachisha kwa uonevu una siku 30 kufika CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ila huko watakuuliza habari za Tabata. Andika barua ya kweli, omba siku mbili kwa wiki.

Mtoa mada: Nimeshaandika tangu mchana. Nimesema nipo Moro namuuguza mama. Na magoti yanamsumbua kweli, sio uongo mtupu.

Mzee wa Kimara: Si upande SGR? Hata saa mbili haimalizi.

Mtoa mada: 31,000 kwenda tu mkuu, mshahara wote utaishia njiani.

Kuku Kishingo: Chai hii! 31,000 ni ya Dodoma. Moro ilianza na 13,000. Mkazi wa Kihonda hajui nauli ya treni ya mji wake? Leteni maandazi.

Mtoa mada: Sijawahi kuipanda. Tangu ianze sijatia mguu Dar.

Dada Hesabu: Yaani toka Juni 2024?!

Kuku Kishingo: Na mwezi wa pili alifungua uzi anatafuta chumba Mbagala. Upo humu humu.

Mtoa mada: Kilikuwa cha mdogo wangu.

Mzee wa Kimara: Naye mama yake magoti yanamsumbua?

CherehaniMoja: Tuache utani. Huyo jogoo unauza?