Yule mheshimiwa wa "kwenu wapi?" amenikera mpaka ugali umenishinda

Mpangaji_Sugu:
Wakuu, naandika huku natetemeka, msinihukumu kwa herufi. Nimetoka kwenye mkutano wa wananchi sasa hivi. Simtaji. Mnamjua. Yule wa miwani ya jua ndani ya ukumbi.

Mada ilikuwa makazi nafuu Dar. Nikanyoosha mkono kistaarabu kabisa: mheshimiwa, chumba na sebule Tabata ni 200,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani 1,200,000 mkononi, na dalali naye anataka kodi ya mwezi mzima kwa kunionyesha mlango. Mtu wa mshahara wa 400,000 anaitoa wapi? Halmashauri haiwezi hata kusimamia watu walipe mwezi kwa mwezi?

Akanitazama. Korosho mdomoni. Akasema: "Kwani kijana, kwenu wapi?"

KWENU WAPI!

Nimezaliwa Amana mimi! Kitovu changu kimezikwa Ilala! Bibi yangu kauza vitumbua Ilala huyu bado hajajua kufunga tai! Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hadi walinzi. Kipande cha korosho kikaruka kikatua kwenye daftari la mtendaji, naye akakipangusa taratibu kwa unyenyekevu, kama muhuri ambao wino haujakauka.

Halafu akaongeza, huku anachagua nyingine kwenye kimfuko: "Mji ukikushinda, rudi ukalime." Nikalime wapi, pale kwenye sanamu ya Askari?

Vijana wanabeba mizigo Kariakoo mchana kutwa, usiku wanatandika maboksi kwenye baraza za maduka hayo hayo. Nao waulizwe kwenu wapi? Magomeni Kota zimesimama ghorofa, kaya 644 zimepewa nafasi palepale mjini, hazikutupwa porini ambako nauli inakula mshahara. Kumbe inawezekana! Huyu anachoweza ni korosho.

Kwenu wapi! Mimi!

Chumba_cha_Uani:
Sijasoma yote. Korosho zilikuwa za kukaanga au mbichi?

Damu_ya_Kota:
Mkuu, Magomeni umeitaja kirahisi mno. Tulitolewa, tukahangaika kupanga huku na kule karibu miaka kumi, ghorofa zikazinduliwa 2022. Kuna wazee walioondoka na funguo za kota mfukoni wakafia Mbagala kwa watoto wao. Usitufanye mfano wa kuchangamshia uzi.

Wakili_wa_Kijiweni:
Mleta uzi umeuliza swali zuri kwa mtu asiyehusika. Sheria ya kudhibiti kodi ya pango ya 1984 ilifutwa 2005. Tangu hapo ni wewe, mwenye nyumba na mkataba wenu. Kelele zipelekwe bungeni. Huyo wa kwenu hana meno kwenye hilo.

Mpangaji_Sugu:
Hana meno? Korosho alikuwa anatafunia nini?

Wakili_wa_Kijiweni:
😂 Nimekoma.

Mama_Mwenye_Nyumba:
Mnatuponda kila siku. Nikikukubalia mwezi kwa mwezi, mwezi wa tatu simu haipokelewi, wa nne umehama usiku na balbu zangu. Nani anirudishie? Halmashauri?

Chumba_cha_Uani:
Mama, balbu ni elfu tatu. Choo umeahidi kukirekebisha tangu enzi za Kikwete.

Wa_Kayole:
Nyinyi mnalia na bado. Huku Nairobi tunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi za nyumba nafuu, na mimi bado niko kwa keja moja Kayole, maji nanunua kwa mtungi. Hata korosho hatuonyeshwi.

Dalali_Mstaafu:
Mleta uzi 200,000 Tabata umepigwa. Ungenitafuta ningekupatia Kinyerezi kwa 150,000, tiles, maji ndani. Hela ya kutembezwa ni elfu kumi tu.

Mpangaji_Sugu:
Jamani, mbona mnanikimbia? Kaniuliza KWENU WAPI mbele ya watu!

Tarehe_Mosi:
Pole. Tuzungumzie kodi ya jengo tunayokatwa tukinunua umeme wa LUKU. Jengo la mwenye nyumba, umeme nanunua mimi, 1,500 inaondoka kwangu. Hii haki kweli?

Mama_Mwenye_Nyumba:
Si mkatane na mwenye nyumba kwenye kodi ya pango? Wangu wananikata.

Tarehe_Mosi:
Wako wana bahati. Sisi wapangaji saba mita moja, na anayenunua wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayekatwa. Mwezi ukiingia wote tunakaa giza tunategeana, kila mtu yuko mlangoni anasikiliza nani kaenda kwa wakala.

Chumba_cha_Uani:
Kwetu tumeweka zamu. Shida ni jamaa wa chumba cha mbele, zamu yake ikifika anasema yeye hana friji, hana feni, hivyo jengo halimhusu.